Somo: Kupima jinsi mnyoo asiye na macho anavyouhisi mwanga

Mnyoo wa maabara, C. elegans, ana urefu wa milimita moja hivi na neuroni (seli za neva) 302. Jicho hana. Lakini mmulike kichwani kwa mwanga mkali wa buluu: atasimama, kisha atarudi kinyumenyume. Mwaka 2008 iligunduliwa protini inayomwezesha, LITE-1, na ukoo wake ni ule wa vipokezi ambavyo wadudu huonjea. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba mnyoo huyu anauonja mwanga.

Mwanga wa buluu na urujuanimno (miale ya UV) huzalisha peroksidi ya haidrojeni ndani ya seli, na hapo ndipo mkazo wa oksidi, yaani madhara ya kemikali kali za oksijeni kwa seli, unapoingia.

Hatua ya 1. Kuza minyoo kwenye agari (rojo gumu la maabara) yenye bakteria wa kula, nyuzi 20. Kutoka yai hadi utu uzima ni siku tatu hivi. Tumia wa umri mmoja.

Hatua ya 2. Weka kichujio chekundu kwenye taa ya hadubini. Ukisahau, utakuwa umeshawamulika kabla hujaanza kupima.

Hatua ya 3. Chagua anayekwenda mbele, mmulike kichwani sekunde mbili, andika kama amerudi nyuma. Mpumzishe. Rudia kwa wasio na lite-1, jeni inayotengeneza protini ya LITE-1. Hao wengi wataendelea na safari yao.

Hatua ya 4. Sasa tazama koo. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nyuma ya koo kuna kisagio kidogo kinachocheza kama mchi kinuni, zaidi ya mara 200 kwa dakika mnyoo akiwa kwenye chakula. Washa buluu: mchi unasita, pengine unasimama kabisa. Hesabu mapigo ya sekunde kumi kabla ya mwanga, na kumi ukiwa umewaka.

Hatua ya 5. Rudia kwenye agari yenye antioksidanti, yaani kitu kinachopunguza mkazo wa oksidi, mfano vitamini C. Hii ni asidi, kwa hiyo sahani ya kulinganishia iwe na pH (kipimo cha uchachu) ileile, la sivyo utapima uchachu ukidhani unapima oksidi.

Maswali

*Kwa hiyo antioksidanti zikizidi, mnyoo hatauhisi mwanga?*
Usiharakishe, ndugu yangu. PRDX-2 ni kimeng'enya kinachoondoa peroksidi. Ungedhani mnyoo asiye nacho atauhisi mwanga zaidi, maana peroksidi inabaki. Watafiti Bhatla na Horvitz wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2015, walionyesha kinyume: bila PRDX-2, neuroni ya koo iitwayo I2 haiitikii ipasavyo, si mwanga, si peroksidi. Nionavyo, mfagiaji huyo ndiye pia mpeleka habari.

*LITE-1 inahisi peroksidi au mwanga wenyewe?*
Mwaka 2016, kundi la mtafiti Shawn Xu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, liliitenga protini hiyo na kukuta inafyonza urujuanimno yenyewe. Basi usiandike kwenye ripoti kwamba kila kitu ni peroksidi.

*Nikiweka peroksidi kwenye sahani naona mabadiliko madogo tu. Kwa nini?*
Angalia bakteria wako. E. coli, bakteria wanaoliwa na mnyoo, wana kimeng'enya kiitwacho katalasi, wanaivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni kabla haijamfikia mnyoo.

*Naweza kutumia tochi ya simu?*
Ni hafifu mno. Tafuta hadubini yenye taa ya fluoresensi, ile yenye mwanga mkali wa buluu. Ila usimwache mnyoo chini yake ukaenda kunywa chai. Mwanga huo ukimkalia muda mrefu hupooza, kisha hufa.