Umeme wa dashibodi ya MGB: ongeza unachotaka, sura ibaki ileile

Wadau, hili swali la kuongeza vifaa vya umeme bila kuharibu dashibodi naulizwa sana tangu nimalize kigari changu pale Unga Limited, Arusha, kwa hiyo naliandika mara moja basi. Ni MGB, ile spoti ya Kiingereza ya kuanzia 1962 hadi 1980, yangu ni ya 1972, ilikuwa imelala kwenye banda la shamba la kahawa huko Usa River, kuku wanatagia kwenye kiti cha abiria, sio utani. Nilitaka vitu vitatu tu: pa kuchajia simu, geji zinazosomeka usiku, na taa za mbele za kueleweka. Ila dashibodi nisiitoboe hata tundu moja, maana dashibodi ya gari kama hii ukishaitoboa ndio basi tena.

Kwanza chomoa betri. Kwenye hizi za zamani zipo mbili za volti 6 zimeungwa pamoja, ziko nyuma ya viti chini ya kifuniko, watu wengi wanazitafuta kwenye boneti mpaka wanachoka. Na usiniambie "nagusa kidogo tu", hapana, waya za kahawia za hii gari zinakuja na moto (umeme) muda wote bila kupita kwenye fyuzi yoyote, bisibisi ikigusisha kahawia na bodi hakuna kitu cha kukata, plastiki inaanza kuyeyuka na moshi unatoka kwenye usukani wewe umelala chini miguu iko juu.

Rangi zishike kichwani, zinakusaidia kuliko mchoro: kahawia moto wa muda wote, nyeupe moto ukiwasha ufunguo (hiyo nayo haina fyuzi), kijani moto wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi, zambarau moto wa muda wote wenye fyuzi, nyeusi ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi). Nyekundu yenye mstari mweupe ni taa za geji. Bluu ni taa kubwa. Ukikuta rangi ambayo haipo hapo, mara nyingi ni fundi fulani alipita, yangu nilikuta waya wa spika umepeleka moto kwenye wapa, umefungwa kwa mfuko wa nailoni.

Kingine, kama yako ni ya kabla ya mwisho wa 1967 angalia betri imefungwaje. Zile bodi ndiyo chanya, kinyume na gari zote ulizozoea, ukiweka redio au chaja ya kisasa hivihivi inakufa hapohapo.

Kutoa geji ni kulegeza zile nati za kuzungusha kwa vidole kwa nyuma, unatoa na breketi inayoishika, geji inatoka kwa mbele. Taratibu na ile geji ya oili na joto, nyingi za usukani wa kulia hazitumii umeme, zina vijibomba vyembamba, kimoja kina oili yenyewe ya injini na kingine kimeunganishwa moja kwa moja kwenye geji, hicho cha joto ukikikunja kikapasuka geji imekufa.

Sasa hapa ndipo penye kazi kwelikweli: ethi. Nusu ya matatizo ya hizi dashibodi sio waya wa moto, ni ethi iliyoshika kutu. Ukiwasha indiketa geji ya mafuta inacheza, taa za geji zinafifia, ujue ndio hiyo. Mimi niliunga waya mmoja mweusi unaozunguka geji zote nyuma, nikaupeleka kwenye bolti moja ya bodi niliyoisugua msasa mpaka bati likang'aa. Sijanunua chochote zaidi ya waya na temino, na nusu ya ugonjwa ukaisha.

Geji ya mafuta inapata umeme kupitia kile kiboksi kidogo cha bati kinachoshusha volti kufika wastani wa 10. Kikikosa ethi geji inasoma juu, unadhani una tenki nusu kumbe unasukuma. Kikifa kabisa, fundi redio anaweza kukutengenezea kingine kwa regyuleta ya 7810 (inatoa volti 10), mguu wa kati ni ethi, pembeni moto unaingia na mwingine unatoka. Akikwambia 7810 hana ila ana 7812, kataa, geji itakudanganya vilevile.

Taa za geji: toa balbu za wati 2.2 weka LED ndogo za uzi huohuo, nyeupe iliyopoa kidogo kuelekea njano, ile ya bluu inafanya dashibodi ionekane kama bajaji. Isipowaka, moto na ethi zimegeuka. Ila swichi ya kupunguza mwanga usitegemee ifanye kazi vizuri tena.

Na ile nyekundu ya chaji USIIGUSE. Mimi nilibadilisha zote nikajiona mjanja. Jumapili natoka Moshi giza linaingia, kitaa chekundu kinawaka njia nzima, nikasema LED za bei rahisi ndio zilivyo. Boma Ng'ombe taa za mbele zimekuwa za njano, njia panda ya KIA, ule uwanja wa ndege, naendesha kwa mwanga wa lori la mbele yangu, Maji ya Chai injini ikakata na honi haitoi hata kelele ya mbu. Kumbe umeme unaopita kwenye ile balbu ndio unaoiamsha alteneta (inayochaji betri), LED inapitisha kidogo mno. Nimerudisha balbu ya shilingi mia kadhaa, mita kwenye betri ikapanda kwenye 14 injini ikiunguruma.

Taa za mbele: wati 55 mbili ni kama ampea 9, fulu ni 10, na zote zinapita kwenye swichi ya dashibodi ya miaka hamsini. Weka rilei mbili (swichi zinazoamrishwa na umeme mdogo) huku mbele karibu na rejeta, namba zinazofuata ni za miguu yake. Waya wa bluu na nyekundu (dimu) unaenda 86 ya rilei ya kwanza, bluu na nyeupe (fulu) 86 ya pili, 85 zote ethi, 30 moto mpya kutoka betri kwa waya wa milimita 2.5 wenye fyuzi ya ampea 15 kila mmoja, 87 kwenye taa. Swichi inabaki kuamrisha tu. Yangu taa zilikuwa zinapata volti 10 na kitu, sasa 13.

Chaja ya simu niliificha ndani ya kabati la abiria, moto kutoka kijani na fyuzi yake ya ampea 5. Iunge kwa kuchomelea risasi au temino ya kubana, sio kusokota na soltepu, vumbi la huku na joto la injini soltepu inaachia gundi ndani ya mwezi. Kabla ya kurudisha geji washa kila kitu kwa pamoja, usiku, shika swichi na fyuzi kwa kidole, iliyo ya moto irudie.