Santuri adimu za Nirvana: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Santuri za Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, zinazosakwa zaidi ni mbili, zote za Sub Pop, kampuni ya muziki ya Seattle. Ya kwanza ni Love Buzz, singo ya inchi 7, ya Novemba 1988, nakala 1,000 zilizoandikwa namba kwa mkono nyuma ya jalada. Ya pili ni Bleach, albamu ya Juni 1989, ambayo nakala 1,000 za mwanzo santuri yenyewe ilikuwa ya plastiki nyeupe.

Namba peke yake haithibitishi kitu. Kalamu kila mtu anayo. Mwombe muuzaji picha ya ukanda laini ulio kati ya mwisho wa wimbo na lebo, taa ikimulika kwa ubavu. Upande wa Love Buzz pamekwaruzwa kwa mkono: "Why don't you trade those guitars for shovels?" Pasipo maneno hayo, achana nayo. Yakiwepo, linganisha mwandiko na picha za nakala zilizothibitishwa, maana nayo huigwa. Jalada lenye picha yenye ukungu mara nyingi limeskaniwa.

Bei itazame kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika Discogs, tovuti ya kuuza na kununua santuri. Bei anayoitaka muuzaji ni ndoto yake tu.

Kabla ya kutumwa, santuri itolewe ndani ya jalada, iwekwe kando yake katikati ya makadibodi mawili. Ikibaki ndani, huchana mshono njiani. Nyumbani isimamishe wima, mbali na jua. Mifuko ya plastiki ya PVC iepuke: huacha ukungu usiofutika.