Somo: Kupima bega unaloshuku labramu imechanika

Wakuu, deni la somo la bega nalilipa leo. Labramu ni ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe cha bega na kukiongezea kina. Sehemu yake ya juu ndiko kano ya baisepsi (msuli wa mbele wa mkono wa juu, unaokunja kiwiko) inakoshikia, kwa hiyo vipimo vya mchaniko wa juu (SLAP, jina alilolianzisha daktari Snyder mwaka 1990) vingi humchokoza baisepsi.

Kabla hujamgusa mgonjwa, msikilize. Alianguka akajikinga na mkono? Anarusha mkuki, anapiga voliboli? Bega linalia "tak", linakwama? Halafu anza na bega zima, upate cha kulinganisha.

Kipimo cha O'Brien: anyooshe mkono mbele nyuzi 90, kiwiko kimenyooka, aulete kifuani nyuzi 10 hadi 15, gumba litazame chini. Kandamiza mkono, yeye azuie. Rudia kiganja kikitazama juu. Maumivu ya mwanzo yakipungua safari ya pili, ni chanya (kipimo kimeonyesha tatizo). Ila muulize yanauma WAPI! Akigusa juu, mtulinga unapokutana na fupa la bega, shaka ni kiungo hicho. Akisema "ndani kabisa, kidole hakifiki", hapo fikiria labramu. Wanafunzi wangu hulisahau swali hili kila mara.

Kipimo cha baisepsi lodi ya pili (cha mtafiti Kim, 2001, msichanganye na kipimo cha Kim cha labramu ya nyuma): alale chali, mkono pembeni nyuzi 120, uzungushe nje hadi mwisho, kiwiko nyuzi 90, kiganja kimwelekee usoni. Akunje kiwiko, wewe zuia. Maumivu yakizuka au yakizidi, chanya.

Kipimo cha hofu, kwa aliyewahi kuteguka bega kwa mbele: akiwa chali, mkono pembeni nyuzi 90, zungusha nje POLEPOLE huku ukimtazama uso. Unatafuta hofu, si maumivu tu. Sukuma kichwa cha mfupa wa mkono nyuma kwa kiganja. Hofu ikitulia, shaka ya labramu ya mbele inaongezeka.

MASWALI

Mdau: Mwalimu, O'Brien chanya, baisepsi lodi hasi. Niandike nini?
Jibu: Andika ulichokiona, usiandike "labramu imechanika". O'Brien na wenzake mwaka 1998 walitoa matokeo karibu kamili, lakini waliowafuata hawakuyapata. Unganisha vipimo na historia. Ukibaki na shaka, apigwe picha ya MRI yenye dawa ya kung'arisha picha ndani ya kiungo. Anayeiona kwa macho ni mpasuaji mwenye kamera.

Mdau: Eksirei yangu ni safi, mbona bado nasikia "tak"?
Jibu: Labramu haionekani kwenye eksirei, dada. Na mlio usio na maumivu mara nyingi hauna neno.

Mdau: Kijana ameteguka bega jana likarudishwa, nimpime cha hofu leo?
Jibu: Hapana, kaka! Utalitoa tena. Eksirei kwanza, mkono upumzike, cha hofu kisubiri.