Namna ya kupanga ruti za kupeleka oda, dereva asionewe na mteja asichoke kungoja

Kama una duka mjini Unguja na madereva wawili watatu wa kupeleka mizigo, usigawe kazi kwa idadi ya oda. Oda kumi za Mji Mkongwe na oda kumi za Makunduchi si kazi moja jamani, kule vichochoroni keri (kile kigari kidogo cha mizigo) haipiti, dereva anaegesha Darajani anabeba mwenyewe mpaka mlangoni, na huyu wa shamba anakula lami masaa na masaa. Gawa kwa masaa, na humo tia na muda wa kumsubiri yule mteja wa "nishatoka, nakuja" (sote tunamjua).

Sasa kuunga ruti. Chukua oda zote, jifanye kila moja inakwenda peke yake na gari inarudi, halafu tazama zipi ukiziunga unaokoa zaidi. Paje ni kama kilomita 50 toka mjini, Jambiani tuseme 6 mbele yake: mbalimbali ni 100 na 112, pamoja ni 112 tu, yani 100 nzima umeziokoa. Nungwi na Paje zote tunaita shamba lakini moja kaskazini moja kusini mashariki, hapo unaokoa kidogo tu, bora gari mbili. Hesabu hii watafiti wawili, Clarke na Wright, waliitoa 1964 na kwa kalamu na karatasi inatosha, usijaribu kupima kila mpangilio maana vituo 10 tu vina mipangilio 3,628,800.

Wateja nao. Ukizunguka Paje, Jambiani, Makunduchi ukatokea Kizimkazi, wa Kizimkazi kila siku ndo wa mwisho. Wiki ya pili geuza, anzia kwake, kilomita zile zile na mafuta yale yale, ila kama kuna samaki wa barafu hao watangulie popote walipo. Madereva pia wapokezane, asiwe mmoja ndo wa Nungwi maisha.

Ijumaa saa sita mpaka saa nane usimuahidi mtu kitu. Ramadhani kila mtu anataka kabla ya futari, kwa hiyo za shamba zitoke asubuhi, jioni wabaki wa mjini.

Na dereva akikwambia mayai yashushwe kabla ya matuta ya Jozani, mbadilishie kituo, usibishane nae kwa ramani ya simu.