Namna ya Kubaini Upepo na Mkondo wa Bahari Utapinda Upande Gani

Mtu wa pwani anajua kwamba kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu, lakini si wengi wanaoweza kueleza kwa nini kusi huingia ikitokea kusini-mashariki ilhali jina lake ni la kusini. Sababu kubwa ni mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake, na kipande cha karatasi ya manila chatosha kuionyesha.

Kata duara lenye upana wa sentimita 20 hivi, ulishikize ubaoni kwa pini iliyopita katikati, kisha mwombe mwenzako alizungushe polepole kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kwa kuwa ndivyo Dunia inavyozunguka ikitazamwa kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini. Wewe shikilia rula juu ya karatasi bila kuitikisa, uvute penseli kwa kuifuata kutoka katikati hadi ukingoni. Mkono utakuwa umekwenda sawasawa, lakini mstari utaonekana umepinda kulia. Duara likizungushwa upande wa pili, mstari hupinda kushoto, nayo ndiyo hali ya kizio cha kusini, yaani nusu ya Dunia iliyo kusini mwa Ikweta. Hesabu za jambo hili ziliandikwa mwaka 1835 na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, ambaye kwa hakika alikuwa akichunguza mashine, wala si upepo.

Sasa chora Ikweta na uweke mgandamizo mkubwa wa hewa karibu na latitudo ya 30 kusini, kama ilivyo katika Bahari ya Hindi wakati wa kusi. Chora mshale unaokwenda kaskazini na uupinde kushoto: unaelekea magharibi kidogo, yaani upepo unatokea kusini-mashariki. Ukivuka Ikweta, upinde kulia, nao utafika Uarabuni na India ukitokea kusini-magharibi. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa sababu kulia kunakotajwa ni kulia kwa upepo unaosafiri, si kulia kwa msomaji wa ramani. Kwa kaskazi, ambayo huelekea kusini, simama uelekee kusini ndipo uhesabu. Kulia kwako kutakuwa magharibi.

Kwa mikondo, kumbuka kwanza kwamba upepo huitwa kwa upande unakotoka, na mkondo hutajwa kwa upande unakokwenda. Maji yanayosukumwa na upepo nayo hupindishwa, na Ekman, mtaalamu wa bahari kutoka Uswidi, alionyesha mwaka 1905 kwamba tabaka lote la juu, kwa jumla, husogea kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka upande uendako upepo. Mfano bora uko Somalia: upepo wa kusi hufuata pwani kuelekea kaskazini-mashariki, maji ya juu husogezwa kulia, mbali na nchi kavu, na maji baridi yenye virutubisho hupanda kutoka chini kujaza nafasi yake.

Usitarajie pembe kubwa karibu na Ikweta, kwa kuwa pale penyewe athari hii ni sufuri, na hata Lamu, iliyo kama nyuzi 2 tu kusini, ni ndogo mno. Kwa hiyo beseni linalotobolewa mbele ya watalii Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye Ikweta, maji yakazunguka huku hivi na kule vile, lisikuhadae: maji hufuata namna yalivyomiminwa.