Mwenye moyo dhaifu apande mizani kila asubuhi

Kama unauguza mtu ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri, hakikisha anajipima uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajala, kwa mizani ileile, na aandike. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, huo si unene, ni maji yanayojaa mwilini, na mara nyingi mizani huyaonyesha kabla pumzi haijaanza kubana. Mbonyeze pia kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu: shimo likibaki, mguu umejaa maji. Mpigie daktari siku hiyohiyo, huenda dawa ya kukojoza ikahitaji kuongezwa. Tafadhali usimwongezee mwenyewe, figo zinaweza kuumia. Akihema kwa shida hata akiwa ametulia, mkimbize hospitali.