Somo: Kumvua trauti mkubwa mtoni, Aberdare na Mlima Kenya

Wavuvi wenzangu, hamjambo. Mwezi huu nimeulizwa mara tatu swali lilelile: mbona kila nikienda natoa vitrauti vya urefu wa kiganja, na yule mkubwa namwona mgongo tu akikimbia? Jibu ni kwamba ulimkanyaga. Wewe unarusha mshipi katikati ya mto, naye yuko chini ya ukingo uliousimamia.

Samaki huyu ni mgeni kwetu. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa mwaka 1905 na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandwa mto Gura. Trauti upinde, ambaye asili yake ni upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini, alifuata baadaye. Naitaja historia kwa sababu moja tu: maelezo mengi ya kumvua yameandikwa huko alikotoka, na jioni ya huko si jioni ya kwetu.

Hatua ya 1: Mjue unayemtafuta

Trauti upinde hupenda mkondo, hula mchana, na hudanganyika upesi. Huyo si somo la leo. Mkubwa wa mtoni mara nyingi ni wa kahawia. Akishanenepa, vidudu havimtoshi tena. Anageukia kaa wa mtoni, vyura, hata trauti wadogo. Na kwa kuwa mlo mmoja wa namna hiyo unamshibisha, hana haja ya kuhangaika kutwa. Hujificha chini ya ukingo uliolika na maji, nyuma ya gogo, au kwenye kilindi chenye kivuli chini ya maporomoko, akingoja mwanga upungue.

Hatua ya 2: Leseni na vifaa

Kata leseni ya uvuvi kwanza, na ukiingia ndani ya hifadhi, ada ya KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori) unailipa kando. Ufito wa futi 9 unafaa juu kwenye nyika ambako hakuna miti. Ukishuka kwenye mianzi, chukua wa futi 7 na nusu, la sivyo utashinda ukinasua matawini nzi wako bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu. Mshipi namba 5 au 6 unatosha (namba ni ya uzito wa mshipi).

Nailoni ya mwisho, ile inayofungwa nzi, iwe imara, ya kuhimili ratili 8 hivi. Wengi hutumia nyembamba wakidhani samaki ataiona, kisha wanakuja kutusimulia jinsi ilivyokatika. Jioni haioni.

Nzi bandia: Kenya Bug mweusi namba 8, au Woolly Bugger nyeusi au ya kijani cha zeituni. (Kwa wageni: namba ya ndoana ikipanda, ndoana inakuwa ndogo.) Nyeusi kwa sababu mwanga ukififia samaki hutazama juu na kuona umbo, si rangi. Kile kijino cha ndoana kibane kwa koleo kilale kabisa.

Hatua ya 3: Chagua saa

Hapa ndipo wengi wanapotea. Uskoti wakati wa kiangazi machweo huvuta hata muda wa saa mbili nzima, na mvuvi anakunywa chai katikati. Sisi tuko kwenye Ikweta. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, baada ya dakika ishirini na tano hivi ni giza, na hilo giza ni la nyati. Alfajiri nayo juu milimani maji ni baridi mno, samaki ni mzito kusogea.

Lakini tuna kitu ambacho wao hawana kwa ratiba: wingu la mchana. Siku nyingi milima yetu huamka wazi, na kufikia saa saba au saa nane ukungu umeufunika mlima. Jua likishafunikwa, kilindi kinakuwa na giza la jioni saa tisa alasiri. Mimi asubuhi sivui kabisa. Natembea mbali na maji, natazama, nachagua vilindi viwili au vitatu, kisha nakaa kula viazi hadi wingu lishuke.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha baada ya mvua za masika maji yakishatulia.

Hatua ya 4: Mwendee

Trauti hulala kichwa kikiuelekea mkondo, kwa hiyo mwendee kutoka chini, nyuma yake. Inama. Ukiwa chini hakuoni vizuri. Ukisimama wima ukingoni na kofia nyeupe, umeshajitangaza. Usipige mguu: ukingo wa udongo laini hupeleka mtikisiko majini, naye anausikia kwa mstari wa ubavuni mwake.

Mwaka wangu wa kwanza kule mto Chania nilifika kilindini nikipumua kama ng'ombe, nikaweka mguu kwenye jani la ukingo ili nirushe mbali. Kivuli kirefu kama mkono wangu kikatoka chini ya kiatu changu, polepole, bila hata kuharakisha. Nilikaa pale hadi jioni. Hakurudi.

Siku hizi mrusho wa kwanza naufanya nikiwa nimepiga magoti, hatua tatu kabla ya maji, na nusu ya mshipi inalala kwenye majani.

Hatua ya 5: Rusha, vuta, shika

Tupa nzi juu kidogo ya maficho, mwache azame, kisha mvute kwa mikato mifupi ya mkono wa kushoto, akipita sambamba na ukingo. Akigusa usiinue ufito! Endelea kuvuta mshipi kwa mkono hadi uone uzito, ndipo uinue. Akikimbilia mizizi laza ufito ubavuni umgeuze. Kilindi kimoja, mirusho sita au saba. Ukizidisha unamfundisha.

Hatua ya 6: Kumrudisha

Lowesha mikono kwanza, ndoana itolewe akiwa majini, mshikilie akielekea mkondo hadi ajiondokee mwenyewe. Anayetaka kitoweo achukue upinde mdogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Karatina): Mwalimu, marehemu baba alikuwa akivua mto Ragati kwa minyoo, na alileta wakubwa kweli. Kwa nini wewe unataja nzi bandia tu?

Jibu: Si mimi, ndugu yangu, ni kanuni: mito ya trauti huvuliwa kwa nzi bandia pekee. Na mnyoo humezwa hadi tumboni, huyo humrudishi akiwa hai. Ila mzee alijua kitu kimoja, kwamba mkubwa anataka mlo mkubwa.

Swali (Nyeri): Mvua ikinyesha mto ukabadilika rangi, nirudi nyumbani?

Jibu: Dada, angalia kikombe. Ukiwa rangi ya chai ya maziwa, rudi, na usijaribu kuvuka. Maji ya mlimani hupanda ghafla hata kama hapo ulipo hakujanyesha. Ukiwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, weka Kenya Bug haraka. Hiyo ndiyo siku ambayo mkubwa hutoka mchana.

Swali (Perth, Uskoti): Kaka, niko huku kikazi. Somo hili litanifaa mto Tay?

Jibu: Kunyemelea ni kulekule. Saa ndiyo ubadilishe: huko ngoja jioni hasa, una muda. Na uliza kibali cha sehemu ile ya mto, maana huko kila kipande kina mwenyewe.

Swali (Nanyuki): Nitajuaje uzito bila mizani, na samaki nimemrudisha?

Jibu: Mpime kwa utepe akiwa kwenye wavu majini. Mzunguko wa kifua mara mzunguko, mara urefu, vyote kwa sentimita, gawa kwa 29,000. Wa sentimita 50 mwenye mzunguko wa 28 anakaribia kilo 1.35. Pumzi zake zisikuishie kwenye hesabu. Andika namba, mwachie, kokotoa baadaye.

Swali (Thika): Mzee, na ndovu je?

Jibu: Ndani ya hifadhi tembea na askari wa wanyamapori mwenye silaha, umwombe akae nyuma yako atazame msitu wewe ukitazama maji. Akisema twende, kata nailoni uende. Mimi nimeacha nzi wengi sana Aberdare kwa njia hiyo.